Plazima Baridi: Uliza Mita za Ujazo, Usiulize Asilimia

Muuzaji atakuja na kisanduku cheupe na karatasi ya kung'aa iliyoandikwa kwamba kifaa hiki huua asilimia 99.9 ya virusi na bakteria wa hewani kwa plazima baridi. Wewe ni mganga mfawidhi wa zahanati, au mwalimu mkuu, au unasimamia ofisi ambayo madirisha yake hayajafunguliwa tangu siku viyoyozi vilipofungwa. Pale mapokezi mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu amekaa benchi moja na mama aliyempakata mtoto. Fedha ni kidogo, na muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Usimpe jibu bado. Teknolojia yenyewe ni ya kweli, hilo nakuhakikishia. Tatizo ni kwamba jina lake hubandikwa kwenye vifaa vya aina tatu ambavyo havifanani hata kidogo, na ile asilimia haikuambii kitu mpaka uigeuze kuwa kipimo kingine. Nitakuonyesha namna ya kuigeuza. Unahitaji kikokotoo cha simu tu.

Tuanze na kitu chenyewe. Plazima ni gesi iliyotiwa nguvu za umeme hadi baadhi ya atomu zake zikang'oka elektroni. Umeiona maisha yako yote: radi ni plazima, cheche ya fundi wa kuchomelea ni plazima, na mwanga wa taa ya tyubu huanzia kwenye plazima. Ile ya radi ni ya moto wa kutisha. Ile ya kwenye tyubu ni baridi, ndiyo maana unaweza kuigusa taa ikiwa inawaka. Elektroni zake ndizo zenye joto kali, maelfu ya nyuzi, lakini ni nyepesi mno kiasi kwamba gesi inayozizunguka hubaki karibu na joto la chumba.

Elektroni hizo zikigonga oksijeni, nitrojeni na mvuke wa maji, huzaliwa vitu vikali vyenye maisha mafupi: oksijeni ya atomu moja, haidroksili, ozoni, peroksidi, oksidi za nitrojeni. Hivi ndivyo vinavyoua. Hula mafuta na protini za ganda la kijidudu kama kutu inavyokula bati, ila kazi ya miaka inafanyika kwa sehemu ya sekunde. Jambo hili si geni. Werner von Siemens alitengeneza ozoni kwa njia hiyo huko Ujerumani mwaka 1857, akipitisha hewa kati ya mirija ya kioo yenye umeme wa volti nyingi, na mji wa Nice nchini Ufaransa ulikuwa tayari unasafisha maji ya kunywa kwa ozoni mwaka 1906. Neno plazima lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1928, kutoka kwa Mmarekani Irving Langmuir.

Plazima iko wapi?

Hili ndilo swali la kwanza kumuuliza muuzaji. Iko ndani ya kisanduku, au inatolewa chumbani?

Kwenye kifaa cha aina ya kwanza plazima imefungiwa ndani. Feni huvuta hewa ya chumba, huipitisha katikati ya cheche ndogondogo, kisha kwenye chujio na tabaka la kumeza ozoni, ambalo huwa la mkaa maalumu au la manganizi, ndipo hewa irudi chumbani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipitisha virusi visivyodhuru binadamu kwenye mrija uliojazwa shanga za kioo, umeme ukiruka katika nafasi kati ya shanga. Zaidi ya asilimia 99 ya virusi hao walipoteza uwezo wa kuambukiza, na walikuwa wamekaa mle ndani kwa sehemu ya sekunde tu. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Warusi walikuwa wamefunga kifaa cha plazima kwenye kituo cha anga cha Mir, mahali ambapo kuvu ilijaa na hapakuwa na dirisha la kufungua. Kumbuka mfano huo wa Mir, nitaurudia.

Aina ya pili haina mahali pa kupitishia hewa. Ina sindano au brashi za kaboni zinazomwaga ioni chumbani, na mara nyingi imepachikwa ndani ya kiyoyozi; rimoti inakuwa na kitufe kilichoandikwa ioni au plazima. Hapa ushahidi umegawanyika, na nitakuambia pande zote mbili. Katika hospitali moja ya Lima, nchini Peru, watafiti walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu wakaipeleka kwenye vizimba vya simbilisi (guinea pig) juu ya paa. Simbilisi waliovuta hewa hiyo bila kinga yoyote, asilimia 35 waliambukizwa. Wale ambao vitoa ioni viliwashwa ndani ya kizimba chao, asilimia 14. Wale wa siku za taa za miale ya urujuanimno zilizofungwa juu ya vichwa vya watu, asilimia 9.5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009, na si ya kupuuzwa: ioni zilifanya kazi, ingawa taa zilizishinda. Kwa upande mwingine, mwaka 2021 watafiti wa Marekani walipima kifaa cha ioni kinachouzwa madukani, wakakiweka kwenye mfumo wa hewa wa jengo, na hawakuona tofauti ya maana katika chembe za hewani. Walichoona ni kwamba baadhi ya kemikali zilipungua na nyingine ziliongezeka. Kwa hiyo kitoa ioni kinaweza kusaidia, lakini kile kilichopimwa Lima si lazima kiwe hiki kilichomo kwenye kiyoyozi unachouziwa. Usilipe zaidi kwa ajili ya kitufe.

Aina ya tatu ni mashine ya ozoni, hata ikiitwa plazima. Hiyo ni ya chumba kisicho na mtu, mlango umefungwa, na baadaye chumba kipigwe hewa kabla mtu hajaingia. Isiwashwe kamwe mbele ya wagonjwa. Na vile vidude vya kuvaa shingoni, viache kabisa. Havina feni, havina chujio, na kikohozi cha jirani kinakufikia kwanza.

Hesabu ya kisanduku

Sasa ile asilimia 99.9. Omba ripoti ya maabara, tena ripoti kamili, si kipeperushi. Tafuta ndani yake mambo matatu: kisanduku cha majaribio kilikuwa na ukubwa gani, jaribio lilichukua muda gani, na bila kifaa kuwashwa vijidudu vilipungua kwa kiasi gani. Ripoti ya kweli inayo yote matatu.

Kila asilimia ina namba yake. Asilimia 90 ni 2.3. Asilimia 99 ni 4.6. Asilimia 99.9 ni 6.9. Chukua namba hiyo, zidisha kwa mita za ujazo za kisanduku cha majaribio, gawanya kwa saa zilizotumika. Jibu lako ni kiasi cha hewa safi ambacho kifaa kinatoa kwa saa.

Tuseme ripoti inasema asilimia 99.9 ndani ya kisanduku cha mita 1 ya ujazo kwa saa 1. Namba ni 6.9, zidisha kwa 1, gawanya kwa 1. Kifaa kinatoa karibu mita za ujazo 7 za hewa safi kwa saa. Chumba chako cha kusubiri kina urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 90. Gawanya 90 kwa 7. Kifaa kingehitaji saa 13 kusafisha kiasi cha hewa kinacholingana na chumba hicho mara moja. Katika saa ile ambayo kipeperushi kinakuahidi asilimia 99.9, chumbani mwako vijidudu vitapungua kwa asilimia 7 hivi. Maabara haikudanganya. Ilipima kisanduku, na wagonjwa wako hawakai ndani ya kisanduku.

Sasa chukua kifaa kingine chenye asilimia ileile na muda uleule, ila kilipimwa kwenye chumba cha majaribio cha mita za ujazo 30. Zidisha 6.9 kwa 30. Unapata mita za ujazo 207 kwa saa, na hiyo ni zaidi ya mara 2 ya hewa yote ya chumba chako kila saa. Karatasi mbili zina maneno yaleyale, na kifaa kimoja kinafanya kazi mara 30 ya kingine. Ndiyo maana nasema asilimia peke yake haina maana.

Jambo la tatu ni lile la vijidudu vinavyopungua vyenyewe. Hufa, hukauka, hutua chini. Ikiwa bila kifaa vilipungua kwa asilimia 90, toa 2.3 kwenye 6.9. Inabaki 4.6, na hiyo ndiyo sehemu ya kifaa. Muuzaji asiyeonyesha jaribio la bila kifaa anajipa sifa ya kazi iliyofanywa na wakati.

Unahitaji kiasi gani? Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilishauri mwaka 2023 kulenga walau mara 5 za hewa safi kwa saa katika majengo yenye watu. Kwa chumba chetu cha mita za ujazo 90 hiyo ni mita za ujazo 450 kwa saa, ukijumlisha kila kinachosafisha: dirisha, chujio, taa, plazima. Kwa chumba cha kumtenga mgonjwa wa ugonjwa unaosambaa kwa hewa, kama kifua kikuu au surua, kiwango cha chumba kipya ni mara 12. Andika namba yako kwenye karatasi, ukae nayo mkononi muuzaji akiongea.

Dirisha lina hesabu yake pia

Watafiti wa Lima walikuwa wamepima hospitali nane kabla ya kazi ile ya simbilisi, na matokeo yao yalitoka mwaka 2007. Vyumba vyenye madirisha na milango iliyofunguliwa vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, ukichukua kile cha katikati. Vyumba vinavyobadilishiwa hewa kwa mashine, vilivyojengwa kwa ajili ya kazi hiyo, vilikuwa mara 12. Na majengo ya zamani, yale ya kabla ya mwaka 1950 yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalifika mara 40, huku ya kisasa yakiishia mara 17.

Sisi wa pwani tuna majengo ya namna hiyo. Wodi nyingi za zamani zina dari ya juu, madirisha pande mbili, na matundu ya hewa juu ya fremu. Matundu mengi yamezibwa kwa mbao au simenti siku kiyoyozi kilipofika. Hapo pana kosa kubwa ambalo lazima nilitaje: kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa ya nje. Kinachukua hewa ileile, kinaipoza, kinairudisha. Aliyekohoa kitu asubuhi, kitu hicho bado kinazunguka adhuhuri. Kabla ya kununua kifaa chochote, zibua matundu hayo. Kisha washa kijiti cha udi, kisogeze karibu na dirisha, na uone moshi unakwenda wapi. Moshi ukisimama wima katikati ya chumba, hewa haitembei. Ukivutwa kuelekea dirisha la upande wa pili, chumba kinapumua. Zima udi mara ukimaliza, maana moshi nao ni uchafu wa hewa.

Feni ya kawaida iliyowekwa dirishani ikisukuma hewa nje inafanya kazi kubwa kwa umeme kidogo. Na kwa chumba kisichoweza kufunguliwa upande wa pili, kuna kisanduku ambacho Richard Corsi na Jim Rosenthal walikibuni Marekani mwaka 2020: feni ya mraba juu, machujio manne ya daraja la MERV 13 pembeni, utepe wa gundi kuziba mianya. Waulize mafundi wa viyoyozi vikubwa machujio ya daraja hilo. Kisanduku hicho hakiui kijidudu hata kimoja. Kinakinasa, na kwa mgonjwa aliyeko benchi matokeo ni yaleyale.

Upo wakati plazima inastahili mbele ya hayo yote: chumba cha ndani kisicho na ukuta wa nje, maabara ya makohozi ambayo haiwezi kufunguliwa, jengo lililo kando ya barabara ya vumbi na moshi wa malori. Yaani mahali panapofanana na Mir. Hapo kifaa cha aina ya kwanza, chenye feni halisi na hesabu ya mita za ujazo iliyokamilika, kinafanya kazi ambayo dirisha haliwezi.

Ozoni, hili usilipite haraka

Plazima baridi inayotumia hewa ya kawaida huzaa ozoni. Tofauti ni kama kifaa kinaimeza kabla ya kuirudisha chumbani. Ozoni inaua vijidudu na inachoma mapafu kwa njia ileile. Mwenye pumu ndiye wa kwanza kuumia, kisha mtoto, kisha mzee. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linaweka kikomo cha maikrogramu 100 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8, ambayo ni kama sehemu 50 kwa kila bilioni za hewa. Jimbo la California nchini Marekani haliruhusu kuuzwa kifaa cha kusafisha hewa ya nyumbani kinachozidi sehemu hizo 50. Kipimo kikali zaidi kinaitwa UL 2998, na kifaa kinachokipita hakizidishi sehemu 5. Hicho ndicho ukidai. Kidai kwa maandishi, na jina la kifaa kwenye cheti liwe lilelile lililo ubavuni mwa kifaa, hadi herufi ya mwisho ya modeli.

Pua itakusaidia siku ya kwanza tu. Harufu ile kali, kama ya hewa baada ya radi au ya karibu na mashine ya fotokopi, ni ozoni. Lakini pua huizoea upesi, na baada ya nusu saa hutaisikia ingawa ipo. Kwa hiyo mlete mtu wa nje, aingie ghafla chumbani, akuambie. Akisikia harufu, zima. Wafanyakazi wakianza kuwashwa macho, kukauka koo, au kukohoa siku zile kifaa kinapowashwa, zima pia, bila kungoja kikao.

Tena ozoni ikikutana na sabuni ya kupigia deki yenye harufu ya limau au msonobari, huzaa fomaldehaidi na chembe ndogo sana. Kwa hiyo chumba chenye kifaa cha plazima kipigwe deki kwa sabuni isiyo na manukato. Jambo dogo, lakini kipeperushi hakitakuambia.

Kukifunga na kukitunza

Kiweke mahali hewa inapozunguka, mbali na pazia na kabati. Feni ya kutolea isimpulizie mtu mwenye kikohozi kwanza halafu jirani yake. Moshi wa udi utakuonyesha hapa pia.

Unyevu wa pwani hubadilisha kazi ya cheche, na chumvi ya bahari hula sindano. Vumbi likigandamana kwenye ncha, umeme huanza kuruka hovyo, kifaa hutoa sauti ya kupasuka, na utoaji wa ioni hushuka. Muulize muuzaji, mbele ya fundi wako, sehemu hizo zinasafishwaje na kila baada ya muda gani, chujio mbadala ni bei gani na linapatikana wapi. Kama linaagizwa nje na kungojewa miezi mitatu, hiyo ni miezi mitatu bila kifaa. Anayesafisha azime, achomoe kwenye soketi, na angoje muda ulioandikwa kwenye kitabu cha maelekezo kabla ya kufungua, maana ndani mna volti maelfu ambazo hazitoki mara tu umeme unapozimwa. Umeme wa eneo lako ukipandapanda, weka kidhibiti volti. Na piga hesabu ya luku: kifaa cha wati 60 kikiwaka saa 10 kinakula uniti 0.6 kwa siku.

Kifaa kizuri kuliko vyote hakimkingi mtu anayekoholewa usoni. Mwenye kikohozi apewe barakoa mlangoni na aonwe mapema, asipange foleni ya saa tatu na watoto wa kliniki. Hilo halina bei.

Kwa chumba kile cha mita za ujazo 90, mimi fedha ya kwanza ningeiweka kwenye matundu na madirisha, ya pili kwenye feni ya kutoa hewa, ya tatu kwenye machujio. Plazima ningeinunulia chumba kimoja tu, kile ambacho hakina namna ya kufunguliwa, na ningelipa baada ya kushika karatasi mbili: ripoti yenye ukubwa wa kisanduku, muda na jaribio la bila kifaa, na cheti cha ozoni chenye namba ya modeli. Muuzaji akileta moja tu, mwambie arudi akiwa na zote mbili.